Usiguse Kitambaa cha Spika

Kabla sijawa kiziwi mimi ndiye niliyekuwa sikio la gereji yetu. Sioni haya kusema hivyo, maana nilikuwa hodari na kila mtu alijua, hata wale ambao wakiniona mjini leo huvuka barabara.

Gereji ilikuwa upande wa chini wa jiji, nyuma ya maduka ya spea, kwenye uchochoro wenye harufu ya petroli na maandazi. Tajiri wetu alitoka upande wa Machakos, mlokole, mtu wa sauti ya chini ambaye angeweza kukufuta kazi huku amekushika mkono akikuombea. Tulishughulika na umeme wa magari, na mimi hasa nilikuwa mtu wa redio. Miaka hiyo ya sitini mwenye redio ndani ya gari alijiona amefika. Alipita mjini kioo kimeshushwa, ili sisi tunaotembea kwa miguu tusikie taarifa ya habari tukitaka tusitake.

Taabu ni kwamba redio za zamani, zile za valvu za kioo, zilinasa kila takataka. Injini ikiwaka, plagi zinasikika tak-tak-tak ndani ya spika. Dinamo inapiga mluzi, na mluzi unapanda kila unapokanyaga mafuta. Hata magurudumu ya mbele yakikimbia kwenye lami kavu yanachachatika kama vitunguu kwenye mafuta moto. Kwa hiyo walioyaunda magari hayo waliyawekea vizuia kelele: kondensa ya bati kwenye koili, nyingine kwenye dinamo, kijiti cheusi katikati ya waya mnene wa distribyuta, msuko wa waya wa shaba kutoka boneti hadi kwenye bodi, na springi ndogo ndani ya vifuniko vya magurudumu ya mbele. Ni vitu vidogo, vichafu, ambavyo fundi mjinga huvitupa akidhani havina kazi. Mjini mafundi wajinga walijaa, kwa hiyo miaka ya sabini ilipoingia vitu hivyo vilikuwa adimu. Mimi nilikuwa navyo. Nilivitoa kwenye magari yaliyokufa, nikavipangusa kwa mafuta ya taa, nikavihifadhi kwenye mkebe wa biskuti ambao hakuna aliyeruhusiwa kuufungua.

Kusikiliza kulikuwa na utaratibu wake. Mmoja anakaa ndani ya gari, anawasha redio, anaizungusha mpaka mahali pasipo na stesheni, kisha anafungua sauti yote. Mwenzake anasimama kwenye injini akiivutia mafuta, polepole, halafu kwa nguvu. Aliye ndani anafumba macho. Akisikia plagi anainua kidole kimoja, akisikia dinamo anainua viwili. Asiposikia kitu anainua dole gumba na kusema, "Safi kabisa." Gari halikutoka gerejini kabla mimi sijayasema maneno hayo.

Aliyenivutia mafuta kwenye injini alikuwa mwenzangu wa benchi, mtu wa kwetu kule magharibi. Tulikuja Nairobi kwa basi moja. Alisimama nami kanisani nilipooa. Alikuwa na tabasamu la kukufanya umwachie kitambulisho chako akushikie. Nilimpenda, na ninasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilimchukia tangu mwanzo.

Katikati ya miaka ya sitini nikaugua kifua kikuu. Nililazwa muda mrefu, nikidungwa sindano kila asubuhi mpaka makalio yakawa magumu kama soli ya kiatu. Daktari alinionya kwamba dawa ile inaweza kuharibu masikio. Nikamwambia adunge tu, maiti haina haja ya masikio. Alicheka, akadunga.

Nilirudi kazini kifua kizima, na kwa miezi kadhaa nikawa fundi bora kuliko wote Afrika Mashariki. Kila gari nililoligusa lilinyamaza. Mluzi wa dinamo, ambao zamani ungenila siku nzima, sasa niliumaliza kwa kufunga kondensa moja tu na kupangusa mikono. Nilijisifu wazi. Niliwaambia wenzangu kwamba hospitali nilikuwa nimepumzisha akili. Wateja walipoanza kurudi wakilalamika, niliwatukana.

"Fundi, hii kitu bado inapiga mluzi," mwalimu mmoja aliniambia.

"Huo mluzi uko kwa masikio yako, mwalimu. Enda uoshe."

Akaenda zake, maskini, pengine hata aliyaosha.

Siku moja nilikuwa nyumbani Kangemi, jioni, nimekaa kitandani nikila. Mke wangu na watoto walikuwa wameinamisha vichwa, hakuna anayesema. Nikamwuliza, "Mbona leo mmenyamaza hivi?" Mke wangu aliniangalia, halafu akaangalia juu, kwenye mabati. Nilipogeuka mlangoni niliona maji yakimwagika kutoka kwenye paa kama pazia. Mvua kubwa, ile ambayo ukiwa ndani ya nyumba ya mabati huwezi kusemezana na mtu hata ukipiga kelele, na mimi nilikuwa nasikia kitu kama mtu anayekunja gazeti chumba cha pili. Aliweka sahani chini. Akanishika masikio yote mawili kwa viganja vyake, akalia, na kilio chenyewe nilikiona tu.

Kilichobaki kikaisha polepole, kama sabuni. Mke wangu hakupoteza muda kulia tena. Alinikalisha kila jioni akanifundisha kusoma midomo: anasema bila sauti, mimi narudia. Tukawekeana sheria moja, kwamba hatanisemesha kamwe akiwa amenipa mgongo. Akaniambia nisimweleze mtu yeyote. Alikuwa na akili kuliko mimi. Kiziwi mjini hapa alikuwa na njia mbili tu: kunyoosha mkono nje ya kanisa, au kurudi nyumbani kuchunga ng'ombe wa ndugu yake. Kazi ile ikijulikana haina sikio ndani yake, tumekwisha, mimi na yeye na watoto.

Kilichoniokoa ni vidole. Niligundua kwamba nikiweka ncha za vidole kwenye kitambaa cha spika, kelele zinakuja zenyewe. Plagi zinagonga kama moyo wa mwana-mbuzi. Dinamo inatetemeka kama nzi uliyemfumbata mkononi. Nilifumba macho kama zamani, mkono mmoja kwenye spika, mkono mwingine ukiinua vidole. Watu waliona ni maringo ya fundi mzee, na vijana wawili wakaanza kuniiga. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka na miaka, nikilipwa kwa sikio ambalo halikuwepo. Sijutii hata siku moja ya miaka hiyo. Magari yalitoka kimya.

Ndipo akaja mheshimiwa.

Alikuwa mkubwa serikalini, akikaa Kitisuru, na tumbo lake liliingia gerejini kabla yake. Alikuwa amelinunua gari kutoka kwa mzungu aliyefunga virago, gari la kijani kibichi la Kiingereza, la miaka ile baada ya vita, lenye redio yake ya valvu na kila kitu. Kulikuwa na mashindano ya magari ya zamani, na mpaka wakati huo wazungu na wahindi ndio waliokuwa wakipeana vikombe. Mheshimiwa aliapa kuingia. Waamuzi wa mashindano yale walikuwa watu wa kuinama na tochi. Wangefungua boneti na kutazama kila skrubu kama ndiyo iliyozaliwa na gari, na wangewasha redio na kusikiliza kama imenyamaza kwa vifaa vyake vya asili.

"Nataka orijino," alisema, na sikuhitaji kusoma midomo sana, maana alilisema neno hilo kama mtu anayeuma muwa. "Hakuna kitu ya juzi. Ukiniwekea kitu ya juzi nitajua."

Hangejua lolote. Lakini moyo wangu ulifurahi, nakiri. Nilimletea mkebe wangu wa biskuti. Nikamwonyesha kondensa ambayo rangi yake ya kiwandani haijabanduka, kijiti cheusi ambacho bado kina chapa, msuko wa shaba ambao niliutoa kwenye gari lililopinduka na kuuficha miaka mingi nikimngoja mtu kama yeye. Aliichukua kondensa akainusa kama nyama. Akasema kazi ni yangu.

Kisha akaniangalia mikono. Akanipeleka ndani ya gari akanionyesha spika. Juu yake kulikuwa na kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu, hakijafifia, mke wa yule mzungu alikuwa amekifunika kwa karatasi miaka yote.

"Jasho ya fundi ikiingia hapa, nimepoteza kikombe," alisema. "Mtu asiguse kitambaa cha spika. Hata wewe. Wewe hasa."

Nikaitikia, ndiyo mheshimiwa, nikatia mikono mfukoni.

Vifaa nilivifunga. Nilijua vinakokaa, hilo halihitaji sikio. Nikakwangua kutu mpaka bati likang'aa chini ya kila skrubu, maana kizuia kelele kisichoshika bodi vizuri ni pambo tu. Lakini kujua kama redio imenyamaza sikuweza. Nilijaribu kuingiza mkono chini ya dashibodi nipapase bati lililo karibu na spika, nikapata mtetemo wa injini na basi. Mwenzangu wa benchi alikuwa amesimama kwenye injini akinitazama kupitia kioo. Aliniona nikipapasa kama mtu aliyeangusha sarafu gizani. Na alinijua vizuri mno.

Alichofanya nilikuja kukijua baadaye, kwa sababu alinisimulia mwenyewe akicheka, kana kwamba na mimi ningecheka. Alisimama nyuma yangu nikiwa nimeinama, akaita jina langu. Kisha akamtukana mama yangu, kwa sauti, mbele ya gereji nzima, kwa lugha ya nyumbani na tena kwa Kiswahili ili kila mtu apate. Mimi nikaendelea kukaza skrubu. Wakaangaliana. Tajiri alikuwa mlangoni. Hakunifukuza siku hiyo. Tawi jipya lilikuwa linafunguliwa Westlands, mwenzangu alikitaka kiti cha msimamizi, na mheshimiwa alijulikana kwa kupenda mzaha. Wakampelekea mzaha.

Jumapili kabla ya mashindano, mheshimiwa aliagiza gari lipelekwe kwake, lisikilizwe mbele ya marafiki. Tulikwenda watatu: tajiri, mwenzangu na mimi. Nyasi za Kitisuru zilikuwa zimekatwa kama kichwa cha askari. Wageni walikaa barazani na bia zao na nyama ikiwa motoni. Mpishi alinikaribisha chai jikoni, heshima ambayo sikuizoea, nikanywa taratibu nikijihisi mtu. Nilipokuwa nikipuliza chai yangu, mwenzangu alikuwa chini ya boneti akivitoa vizuia kelele vyangu vyote kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kitambaa.

Niliitwa. Niliingia ndani ya gari, nikaiwasha redio, nikaipeleka mahali pasipo na stesheni, nikafungua sauti yote. Injini ikawaka, hiyo niliihisi kwa miguu. Mikono niliiweka juu ya magoti. Kitambaa cha dhahabu kilikuwa mbele yangu, karibu kabisa, na sikukigusa. Niliiamini kazi yangu. Nikafumba macho kama ilivyo desturi, nikangoja kwa muda ambao fundi makini hungoja, nikainua dole gumba.

"Safi kabisa, mheshimiwa," nilisema. "Hata chembe hakuna."

Nilipofumbua macho nilimwona mbwa. Mbwa wa mheshimiwa, dume kubwa la kahawia, alikuwa amekaa kwenye nyasi mbele ya gari, pua juu, mdomo wazi, shingo imekakamaa. Alikuwa analia kwa uchungu wote alionao mbwa. Nikaangalia barazani. Mama mmoja alikuwa ametia vidole masikioni. Mwingine ameinama, bia inamwagika kwenye sketi yake, na hajali. Mheshimiwa alikuwa anafuta machozi kwa leso. Na pale kwenye boneti mwenzangu alikuwa ameinua kondensa yangu juu, akiitikisa kama kengele ya shule.

Kicheko usichokisikia ni kitu kibaya sana kukitazama. Unaona meno tu na koo.

Mheshimiwa alikuja mpaka dirishani, akaweka uso wake karibu na wangu, akaupanua mdomo ili nielewe. "Sema tena!"

Ningeweza kutoka. Ningeweza kumtemea mate, na wapo watu wakisikia kisa hiki huniambia wao wangemtemea. Watu hao hawakuwa na watoto Kangemi, au walikuwa na masikio. Nilimwangalia tajiri, nikaona ameangalia viatu vyake. Nikainua dole gumba.

"Safi kabisa," nikasema, na baraza likaanguka upya.

Jumatatu nilikwenda kazini kuchukua vitu vyangu. Tajiri alinizuia mlangoni. Alisema polepole, akinielekea vizuri, kama mtu anayemsemesha mtoto wa nyumba ya jirani. "Mheshimiwa amepiga simu. Amesema usiguswe. Anakutaka Jumapili."

Nilivirudisha vizuia kelele mahali pake. Gari likaenda kwenye mashindano, likainamiwa kwa tochi, likawashwa redio, na redio ikanyamaza kimya, kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Likapata kikombe. Aliyeketi ndani akiinua dole gumba mbele ya waamuzi alikuwa mwenzangu, amefunga tai. Mwezi uliofuata akawa msimamizi wa Westlands.

Na mimi nikawa mchezo wa Jumapili. Kikombe kinawekwa mezani katikati ya chupa, gari linaletwa kwenye nyasi, mimi ninaketi ndani nikitazama mbele. Kila mgeni anaruhusiwa kutoa kifaa kimoja. Kila kikitolewa, redio inaongeza kelele, na mimi nafumba macho na kusema maneno yangu. Kikitoka cha mwisho, mbwa anaanza kulia, na hapo ndipo watu wanapofurahi zaidi. Mheshimiwa alinionya nisibadilishe chochote. "Fanya kama siku ile," alisema. Nilipojaribu mara moja kukataa kufumba macho, alimwangalia tajiri, na tajiri akaniangalia mimi, basi nikafumba.

Nitasema kitu ambacho kitashangaza watu. Kilichoniuma zaidi Jumapili hizo ni vile vifaa. Wakili mmoja mwenye vidole kama ndizi alivunja mguu wa kondensa ya dinamo. Bibi wa mkurugenzi fulani alivuta msuko wa shaba mpaka nyuzi zikakatika, akaufanya bangili. Springi ya gurudumu la kushoto ilidondoka kwenye nyasi, nikatambaa kuitafuta kwa magoti, na hilo nalo wakalipigia makofi. Sikuipata. Vitu hivyo nilivitunza miaka yote nikiwanyima watu waliovihitaji kweli, halafu nikavileta mwenyewe mezani kwa mafisi. Nilirudi nyumbani nikalia kwa ajili ya springi ndogo isiyozidi kucha, mimi ambaye sikulia nilipopoteza masikio.

Mke wangu alitaka kujua kwa nini naitwa Kitisuru kila wiki.

"Naenda kutunza vile vifaa," nilimwambia. "Ni vya zamani, vinataka mtu anayevijua."

"Wanakuheshimu?"

"Sana."

Akaendelea kufua.

Halafu mheshimiwa akawa na sherehe kubwa, na bibi yake akatafuta wanawake wa kusukuma chapati. Akamwambia tajiri, naye tajiri, bila hata kuniuliza, akasema mke wa fundi yupo. Nisingeweza kumzuia mke wangu bila kumweleza ninachofanywa huko. Tulipanda pamoja Jumapili hiyo. Alivaa kitambaa chake cha kanisani kichwani, kwa sababu anakwenda mahali mume wake anapoheshimiwa. Nikamwomba abaki jikoni, kuna joto nje.

Alibaki jikoni mpaka kelele zilipoanza. Yeye alikuwa na masikio.

Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, dole gumba likiwa bado juu, nilimwona amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono myeupe kwa unga mpaka viwiko. Alimwangalia mbwa. Aliwaangalia wageni, mmoja mmoja. Akamwona mwenzangu, yule aliyesimama kanisani kwenye harusi yetu, amejipinda kwa kucheka. Kisha akaniangalia mimi, na ninajua uso wangu ulikuwa umetabasamu, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa.

Alitembea kwenye nyasi bila haraka. Akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia, akaufunga. Akaketi karibu nami ndani ya kelele ile, bila kukunja hata kope. Akauchukua mkono wangu kwenye goti. Akauweka juu ya kitambaa cha spika, na mkono wake wenye unga akaukandamiza juu ya wangu.

Nikasikia. Sijui neno jingine la kutumia. Kelele ilipanda mkononi mpaka kwenye bega, plagi na dinamo na takataka zote pamoja, kitambaa kinaruka chini ya vidole vyangu kama mnyama anayetaka kutoka gunia. Siku zote nilijua kuna kelele, kama unavyojua kuna jela. Sasa niliijua ilivyokuwa kubwa, na kwamba nilikuwa nimekaa katikati yake wiki baada ya wiki, dole gumba juu.

Mke wangu aligeuza kichwa kuwaelekea watu. Niliona midomo yake kwa upande.

"Mume wangu amesema ni safi," alisema. "Ni safi kabisa."

Hakutoka. Kelele ikaendelea, na yeye ameketi wima, mkono juu ya mkono wangu. Nikaona meno yakifungika barazani, mdomo mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja akaweka glasi chini. Wakili akaangalia saa. Mwenzangu ndiye aliyezima injini, na mbwa akalala.

Mheshimiwa alikuja mbio, mbio za mtu mnene. Hakutuangalia sisi. Aliangalia kitambaa chake cha dhahabu, palipochapwa wazi kiganja changu cha jasho, na unga wa vidole vya mke wangu ukikizunguka. Alisema mengi, haraka, na sikuyapata yote. Niliyoyapata ni kwamba asinione tena gerejini. Tajiri akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akafumba macho. Midomo yake ikaenda muda mrefu, na nilipoona "amina" nikajua sina kazi.

Tuliteremka barabara ya Spring Valley kuelekea Westlands, tukipita nyua zilizonyolewa na mageti yenye vibao vya kuonya kuna mbwa. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuuma kitu, na haikuwa hasira ya mheshimiwa wala ya mwenzangu. Nilimwambia mke wangu amenifutisha kazi. Nilimwambia nimeibeba aibu ile peke yangu wiki zote hizo ili wao wale, na nani alimtuma atoke jikoni. Nilimwambia unga wake umetumaliza. Sijui nilipiga kelele kiasi gani, lakini mlinzi mmoja alitoka getini kuangalia.

Alisimama. Akaniangalia usoni kwa muda. Kisha akanipa mgongo, akatangulia.

Akaanza kusema. Niliona taya lake kwa nyuma likienda, mabega yakipanda na kushuka, mkono wenye unga ukikata hewa. Tangu siku ya mvua alikuwa hajawahi kunisemesha akiwa amenipa mgongo, hata kuniita kula. Nilikaza mwendo nimfikie, naye akakaza. Nikakimbia, akavuka upande mwingine wa barabara, uso kule, mdomo unaendelea. Mpishi mmoja aliyekuwa akipanda kurudi kazini alipishana naye. Alisikia maneno machache tu, akasimama. Akaniangalia mimi, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka nikapita. Tulipofika Kangemi alikuwa amemaliza. Alinigeukia mlangoni akaniuliza kama nina njaa.

Ni miaka mingi sasa. Nilipata kazi ya kusuka upya koili za dinamo, kazi isiyohitaji sikio, na watoto walikua, na gari lile sijui liko wapi. Nimemwuliza mara nyingi alisema nini siku ile barabarani. Huacha anachofanya, akanielekea vizuri ili nisikose hata kidogo, akainua dole gumba.

"Safi kabisa," ananiambia.